Tangawizi na Manjano Bila Kupindua Udongo: Dalili, Sababu na la Kufanya

Maelezo haya ni ya aliyepanda tangawizi au manjano Unguja au Pemba kwa njia ya matandazo. Ardhi hailimwi. Mbegu, yaani kipande cha tunguu (ile sehemu nene ya chini inayovunwa), inalazwa kwenye kishimo kifupi, inafunikwa mboji, na juu yake yanatandazwa majani makavu. Njia hii inatufaa sana visiwani, kwa sababu sehemu kubwa ya viungo hivi tunaipanda chini ya minazi, mikarafuu na migomba, na mizizi ya miti hiyo imetanda juujuu. Jembe likipita hapo linakata mizizi ya mnazi na kujeruhi tunguu la tangawizi kwa pigo moja. Jeraha kwenye tunguu ni mlango wa kuingilia uozo.

Mmea ukiugua, mkono unakimbilia jembe ili kufukua kuona kuna nini chini. Usifukue. Tunguu liko sentimita 5 hadi 10 tu chini, kwa hiyo vidole vinatosha. Sogeza matandazo upande mmoja wa shina, papasa mpaka uliguse tunguu, libonyeze. Likiwa gumu na limekaza, ubaya uko kwenye chakula, maji au kivuli. Likibonyea, au vidole vikitoka na harufu mbaya, soma sehemu ya kunyauka hapa chini kabla ya kugusa shina jingine lolote.

Kwanza angalia mwezi

Tangawizi iliyopandwa mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, masika yakianza, hukomaa baada ya miezi 8 hadi 10. Manjano huwahi kidogo. Kwa hiyo ikifika Disemba au Januari, majani ya kitalu kizima yanageuka rangi kwa pamoja, yanakauka, yanalala. Huo si ugonjwa, ni kukomaa. Wako wanaoanza kumwagia maji mengi wakati huo kwa kudhani mmea una kiu, na maji hayo ndiyo yanayoozesha mavuno yaliyokwisha kuwa tayari. Majani yakianza kulala kwa pamoja, acha kumwagilia kabisa.

Mambo yote yanayofuata yanahusu dalili zinazotokea kabla ya hapo.

Mbegu haikuchipua

Tangawizi huchukua wiki kadhaa ardhini kabla ya kutoa jani, na manjano ni mavivu zaidi. Usiwe na wasiwasi kabla ya wiki ya sita. Ikipita ya nane na hakuna kitu, papasa.

Ukikuta kipande kimesinyaa na kimekauka, mbegu ilikuwa imechoka tangu mwanzo. Mara nyingi ni tangawizi ya sokoni iliyokaa muda mrefu juani, au iliyovunwa bado changa. Tangawizi changa ina ngozi laini inayotoka ukiikwaruza kwa ukucha, na haifai kwa mbegu. Inayofaa imekomaa, ngozi yake imeshikamana, na macho yake yamevimba kidogo na kung'aa.

Ukikuta kipande kimeoza, uliza kama kilikatwa na kupandwa siku hiyohiyo. Kidonda kibichi kikizikwa kwenye mboji yenye unyevu, uozo ni jambo la kutegemewa. Ukikuta kipande kizima na jicho limechipua lakini limepinda na kuwa jeupe, matandazo yamezidi. Sentimita 5 za majani makavu zinatosha mwanzoni, uongeze kadiri mmea unavyopanda. Makuti mazima yaliyolazwa bila kuchanwa huwa dari ambayo chipukizi haliwezi kuitoboa.

Dawa ya haya yote ni kuchipuza kwanza. Laza vipande kwenye sinia kivulini, juu ya usumba au mchanga wenye unyevu kidogo, wiki 2 au 3 kabla ya mvua, kisha uhamishe vile tu ambavyo macho yake yameamka. Utapoteza vipande kwenye sinia na si kitaluni, na hutalazimika kuchokoa udongo baadaye ukitafuta mbegu isiyokuwepo.

Majani yamekuwa manjano mapema

Hapa inabidi utazame ni majani yapi.

Yakianza majani ya chini, yale makongwe, yakififia yote kwa usawa bila madoa, na tunguu ni gumu, mmea una njaa ya nitrojeni. Mara nyingi sababu ni machicha ya mbao, yaani unga unaotoka kwenye msumeno, au makumbi mabichi yaliyochanganywa na udongo. Vijidudu vinavyoozesha mbao huchukua nitrojeni ya ardhini kwa kazi yao, na mmea unakosa. Machicha hayohayo yakikaa juu, bila kuchanganywa, hayana madhara makubwa, kwani yanaoza taratibu pale yanapogusana na udongo tu. Ndiyo maana kila kitu kwenye kitalu hiki kinatandazwa juu na hakuna kinachochimbiwa ndani. Tiba ni samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe au mbuzi, sentimita 2 au 3 chini ya matandazo, au maji ya samadi iliyolowekwa siku chache, yachujwe na yapunguzwe ukali kwa maji mengi.

Yakianza majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani huku katikati yake pamekuwa pa manjano, huo ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi ardhi inayoleta hali hiyo ni ya chokaa. Wenzetu wa upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, kwenye uwanda na maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, wanakutana na tatizo hili zaidi. Chuma kinaweza kuwamo ardhini tele, lakini chokaa inakifunga kisipatikane. Kumwaga majivu hapo ni kuongeza tatizo, maana majivu nayo hupunguza asidi ya udongo. Kwenye uwanda nashauri usipambane na jiwe. Inua kitalu kwa mboji tupu iliyooza, kimo cha sentimita 20 au zaidi, uzungushie mawe ya hapohapo, na mmea uishi ndani ya mboji hiyo. Tangawizi haihitaji kina kirefu.

Yakianza majani ya chini, lakini unjano ukatokea nchani na kushuka kwa ukingo kuelekea shina, na shina pale linapoingia ardhini limekuwa laini na la majimaji, ruka moja kwa moja kwenye kunyauka.

Ncha zimeungua, au katikati ya jani pana mabaka makavu

Ncha na kingo za rangi ya kahawia, kavu kama karatasi, huku jani lililobaki ni kijani: hapo shuku chumvi. Visima vilivyo karibu na pwani huanza kuwa na maji ya munyu kiangazi kinapokaza, na mtu aliyezoea kuyanywa huenda asiyahisi tena. Chanzo cha pili ni mwani. Mwani uliotupwa ufukweni ni matandazo mazuri, lakini si siku unapouokota. Uuache mvua ya masika iuoshe, au uusuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara kadhaa, kisha ndipo uutandaze, tena kidogo. Kitalu kilichokwisha kupata chumvi kinaoshwa kwa kumwagiliwa maji baridi mengi kwa mkupuo mmoja, ilimradi yawe na pa kutokea.

Mabaka makavu katikati ya jani, upande unaotazama jua la adhuhuri, ni jua. Hili hutokea pale kuti kubwa lilipoanguka au mgomba ulipokatwa na kivuli kikaondoka ghafla. Simamisha makuti mawili upande huo mpaka mmea uzoee. Kinyume chake pia kipo: chini ya mwembe mzito tangawizi huwa ndefu, nyembamba, ya kijani kilichokoza, na chini haina kitu. Kivuli cha mnazi kinachopitisha mwanga ndicho kinachoifaa.

Mmea umenyauka

Hapa ndipo pa kutulia, maana kosa la siku moja linaweza kukinyima kiunga chako tangawizi kwa miaka. Kuna maradhi mawili yanayofanana, na tiba zake ni tofauti.

La kwanza ni uozo laini wa tunguu, unaoletwa na vimelea vya jamii ya Pythium. Hivi vinasafiri majini. Vinahitaji udongo uliojaa maji ili viufikie mmea, ndiyo maana uozo huu huja Aprili na Mei masika yakiwa makali, hasa mahali palipodidimia. Dalili huanzia majani ya chini: unjano wa nchani, kisha ukingo, kisha jani zima. Shina linakuwa la majimaji usawa wa ardhi, na ukilivuta kidogo linang'oka peke yake na kuacha tunguu ardhini. Tunguu lenyewe limekuwa uji ndani ya ngozi.

La pili ni mnyauko bakteria, unaoletwa na Ralstonia solanacearum. Huu una haraka. Majani yanajikunja kwa ndani na kulegea yakiwa bado kijani, kana kwamba mmea una kiu, ilhali matandazo yamelowa. Baada ya siku chache mmea wote unageuka rangi ya shaba na kuanguka.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio la bilauri. Kata kipande cha shina la mmea unaonyauka, urefu wa kidole, karibu na ardhi. Kining'inize kwenye bilauri safi ya maji, ncha iliyokatwa iguse maji, na usikitikise. Tazama kwa dakika chache mahali penye mwanga. Vikitoka vijiuzi vyeupe kama maziwa vikishuka taratibu kutoka kwenye kidonda, ni bakteria. Yakibaki maji safi, uwezekano mkubwa ni uozo wa Pythium.

Ikiwa ni Pythium, tatizo ni maji. Toa mimea iliyooza pamoja na mboji inayoizunguka, kiasi cha viganja viwili vitatu kila upande. Sogeza matandazo kwa muda ili juu pakauke. Fungua njia ya maji ukingoni mwa kitalu, upande wa chini, wala usipitishe mfereji katikati ya mashina, maana utakata mizizi ya yale mazima. Kisha jiulize kama mahali penyewe panafaa. Chimba shimo la kina cha futi moja nje ya kitalu, ulijaze maji. Asubuhi ya pili maji yakiwa bado yamo, pale ni pa mpunga. Kinamo cha mabondeni, yaani udongo mzito unaotuamisha maji, hakitaifaa tangawizi hata ukiibembeleza vipi, isipokuwa uinue kitalu juu kabisa ya usawa wa maji. Kinongo chekundu cha miinukoni, udongo unaopitisha maji, ndicho kilichoumbwa kwa kazi hii.

Ikiwa ni bakteria, hakuna dawa ya kumwagia. Ng'oa mmea na jirani zake wa kila upande, hata wale wanaoonekana wazima. Ondoa na matandazo ya pale. Usivipeleke kwenye lundo la mboji. Vikaushe na uvichome, au uvifukie mbali, mahali ambapo maji ya mvua hayarudi shambani. Kwenye vilima vya Pemba hilo lina uzito zaidi, kwa sababu maji ya kitalu cha juu ndiyo yanayopita kitalu cha chini, na maradhi yanateremka nayo. Osha miguu na viatu kabla ya kuhamia kitalu kingine. Osha pia panga na kisu, na jembe uliloazimwa na jirani lisiguse kitaluni kabla halijasuguliwa tope lote.

Mahali hapo pasirudi tangawizi wala manjano kwa miaka isiyopungua 3. Pasipandwe pia tungule, mabilingani, pilipili wala mbatata, kwa sababu bakteria huyo hushambulia na jamaa hao. Mahindi yanafaa. Nayo mbegu, hata kipande kimoja, isitoke kwenye kitalu hicho. Najua inauma. Mtu amengoja miezi, na mashina mengine yamesimama kijani kibichi, yanatamanisha. Yavune, uyale au uyauze kwa matumizi ya jikoni, lakini usiyapande na usimpe mtu ayapande. Mnyauko huu unasafiri mbali zaidi ndani ya mbegu ya zawadi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Mashina mazima lakini mavuno madogo

Vidole vya tangawizi vilivyobapa, vilivyopinda na kubanana, vinaonyesha ardhi iliyo ngumu chini ya mboji. Hutokea pale palipokuwa njia ya watu au zizi la ng'ombe. Hapa nakubali kuigusa ardhi, mara moja, kabla ya kupanda: choma uma wa bustani au mtaimbo mpaka chini, tikisa mbele na nyuma, chomoa, sogea hatua, rudia. Tabaka zinabaki palepale, ila zimepata nyufa za kupitisha hewa na mizizi. Usiugeuze udongo.

Tunguu lililochungulia juu na kuwa kijani halikufunikwa vya kutosha. Tangawizi hupanda juu kadiri inavyokua. Wenye jembe huivutia udongo kutoka kando. Wewe mwagia mboji viganja viwili kwa kila shina, mwezi wa pili baada ya kupanda na tena mwezi wa nne, kisha rudisha majani.

Mizizi yenye vinundu vidogo kama shanga, na madoa ya kahawia ya majimaji kwenye ngozi ya tunguu, ni minyoo fundo. Inapenda udongo wa kichanga. Mboji nyingi inasaidia, kuhama mahali kunasaidia zaidi, na mbegu ya msimu ujao itumbukizwe katika maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 10 kisha ipoozwe. Fanya hivyo ukiwa na kipimajoto. Kwa kukisia kwa mkono utaichemsha.

Matandazo hayatulii

Kuku wanachakura. Tandaza matawi membamba au makuti yaliyochanwa juu ya majani mpaka mmea ufike magotini. Jongoo na konokono hukusanyika kwenye matandazo yaliyolowa muda mrefu. Jongoo kwa kawaida wanakula kilichokwisha kuoza, kwa hiyo ukiwakuta wengi kwenye tunguu, tafuta uozo uliotangulia. Mchwa huja kwenye makuti makavu, na majani ya mgomba yenye unyevu hayawavutii kiasi hicho.

Kuvuna na kugawa

Kwenye kitalu cha namna hii kugawa ni kazi ya mikono na kisu. Ngoja majani yalale na mabua yatoke yenyewe ukiyavuta. Sogeza matandazo yote kando. Papasa mpaka ujue tunguu linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha ingiza mikono yote miwili chini yake na ulinyanyue. Limekaa ndani ya mboji, si ndani ya udongo mgumu, kwa hiyo linakuja. Likishikwa na mizizi, pitisha kisu chini kwa ulalo na uikate, uiache mizizi hiyo ioze palepale. Jaza pengo kwa mboji, rudisha matandazo. Ardhi imefunguka kwa muda wa dakika chache tu.

Manjano yakiwa mazima kabisa unaweza kuchukua vidole vya pembeni na kuacha lile tunguu la katikati lichipue masika yajayo. Tangawizi sikushauri kuiacha hivyo, maana kila mwaka unaoongezeka mahali pamoja unayapa maradhi nafasi.

Katika kugawa, makosa huwa matatu. La kwanza ni vipande vidogo mno: chipukizi hutoka jembamba na kudumaa. Kipande kiwe na gramu 30 hadi 60 na macho yasiyopungua mawili. La pili ni kukata ovyo. Tangawizi ina shingo nyembamba pale kidole kinapoungana na kingine, na ukiivunja hapo kwa mkono kidonda kinakuwa kidogo. Tumia kisu pale tu mkono unaposhindwa. La tatu ni kutumia kisu kimoja kutoka shina hadi shina bila kukisafisha. Kipangusie spiriti au kipitishe kwenye moto kila unapomaliza tunguu moja.

Vidonda vipakwe majivu makavu, kisha vipande vilale kivulini penye upepo siku 2 hadi 3, mpaka pale palipokatwa paote ngozi kavu.

Mbegu inaharibika kabla ya masika

Kutoka Januari hadi Machi ni muda wa joto la kaskazi, na mbegu nyingi hupotea hapo. Inayosinyaa inakaa mahali pakavu mno au penye jua. Inayoota ukungu imefungwa kwenye mfuko wa plastiki au imewekwa ikiwa na maji. Panga vipande ndani ya pakacha, tabaka la mchanga mkavu au usumba, tabaka la mbegu, mpaka lijae, ulitundike chini ya ukumbi. Pakacha linapumua.

Ukiona vijidoa vyeupe vya mviringo vilivyogandamana kwenye ngozi, hasa ya manjano, ni wadudu magamba wanaofyonza utomvu. Visugue kwa mswaki mkavu, tenga vipande vilivyosinyaa, na vilivyojaa vipeleke jikoni. Pekua pakacha kila wiki, na kipande kilicholainika kitoke siku hiyohiyo, pamoja na vile vilivyogusana nacho.